Je, Jang Hui-bin wa Dong Yi alikuwa mwovu kweli?

*"Mimi ni mwanafunzi wa historia, mwaka wa tatu. Nimeitazama tamthilia ya Kikorea ya Dong Yi yote, vipindi 60, katika toleo lenye msimulizi wa Kiswahili, na imenivutia kiasi kwamba ningependa utafiti wangu wa kumalizia shahada uwe juu ya fitina za kasri la Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, wakati wa Mfalme Sukjong. Mdogo wangu naye ametazama tamthilia ya mwaka 2013 inayomhusu Jang Hui-bin huyo huyo, na humo yeye ndiye mpendwa anayeonewa. Tumebishana mpaka tumechoka. Nimesoma kwamba wafalme wa Joseon hawakuruhusiwa kusoma kumbukumbu zilizoandikwa juu yao, kwa hiyo nadhani kumbukumbu hizo ndizo zitakazomaliza ubishi. Je, ni kweli Hui-bin alimroga malkia? Mfalme alikuwa akichezewa tu na wanawake wale? Na je, mada hii inaandikika na mtu asiyesoma Kikorea?"*

Nikikuelewa vyema, kinachokusumbua si Hui-bin peke yake. Unahofia kuingia katika utafiti ukiwa umebeba hukumu iliyokwisha kutolewa na mwandishi wa tamthilia, kisha msimamizi wako akuulize umeipata wapi, nawe ukose la kumjibu. Hofu hiyo ni ya haki. Kabla ya kuishughulikia, kuna dhana mbili katika swali lako ambazo zikibaki zitaiharibu kazi nzima: ya kwanza ni kwamba Sukjong alikuwa mfalme mwema aliyezungushwa na wanawake, na ya pili ni kwamba kumbukumbu ambazo mfalme hakuzisoma ni kumbukumbu zisizo na upande.

Tuanze na yasiyobishaniwa. Sukjong alizaliwa mwaka 1661 na kutawala kuanzia mwaka 1674 hadi 1720. Malkia wake wa kwanza alifariki kwa ndui mwaka 1680, na mwaka uliofuata akamwoa binti wa ukoo wa Min, tunayemjua kwa jina la Malkia Inhyeon, ambaye hakujaliwa mtoto. Jang, ambaye jina lake lilikuwa Ok-jeong, alikuwa mjakazi wa kasri kutoka ukoo wa wakalimani wa serikali, tabaka lililokaa kati ya watukufu na watu wa kawaida. Mama yake mfalme alimfukuza, akarejeshwa baada ya mama huyo kufariki, na mwaka 1688 akamzalia mfalme mtoto wa kiume. Mwaka 1689 Inhyeon alivuliwa umalkia na nafasi yake ikaenda kwa Jang. Mwaka 1694 Inhyeon akarudishwa na Jang akateremshwa tena kwenye cheo cha suria, yaani Hui-bin. Mwaka 1701 Inhyeon alifariki, na kabla miezi miwili haijatimia Jang akaamriwa ajiue. Yule unayemfahamu kama Dong Yi ni Choe Suk-bin, suria aliyepata cheo chake cha kwanza mwaka 1693 na mwaka uliofuata kumzaa mwana ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme Yeongjo. Kwamba aliitwa Dong Yi, kwamba baba yake aliongoza chama cha siri cha kuwatetea watumwa, kwamba alianzia kazi katika idara ya muziki ya kasri, yote hayo ni ubunifu wa tamthilia. Na hata ile simulizi maarufu kwamba alikuwa mchota maji ni mapokeo ya mdomo, haimo katika kumbukumbu rasmi.

Sasa jiulize jambo ambalo tamthilia haina haja ya kukuuliza: kwa nini malkia mmoja alivuliwa taji, akarudishwa, na mwingine akashushwa, katika muda wa miaka mitano tu? Wivu wa wake wenza ulikuwako katika kila utawala wa Joseon, na mara nyingi haukuzaa msukosuko wa namna hiyo. Kilichouzaa hapa ni siasa za kambi.

Wasomi waliotawala serikali ya Joseon walikuwa wamegawanyika katika makundi yaliyorithishana uanachama kutoka baba hadi mwana, na kutoka mwalimu hadi mwanafunzi. Katika zama za Sukjong, makundi makubwa yalikuwa Kambi ya Magharibi na Kambi ya Kusini. Ugomvi wao mkubwa, ukiusikia kwa mara ya kwanza, unaweza kukuchekesha: ulihusu urefu wa matanga. Mfalme Hyojong, babu yake Sukjong, alipofariki mwaka 1659, paliulizwa mama yake wa kambo akae matanga mwaka mmoja au miaka mitatu. Lakini Hyojong alikuwa mtoto wa pili, na anayestahili matanga marefu ni mtoto wa kwanza; kwa hiyo mtu aliyesema mwaka mmoja watosha aliweza kushtakiwa kwamba, kwa chini chini, anautilia shaka uhalali wa mfalme na wa kizazi chake chote. Ubishi uleule ukafufuka mwaka 1674 alipofariki mjane wa Hyojong, na safari hii Kambi ya Kusini ikashinda. Miezi michache baadaye Sukjong, mvulana wa miaka kumi na mitatu, akakalia kiti. Alijifunza mapema sana kwamba hoja ya taratibu za kifamilia inaweza kuangusha serikali nzima.

Hapo ndipo wanawake wa kasri wanapoingia. Ukoo wa Inhyeon ulikuwa nguzo ya Kambi ya Magharibi. Jang hakutoka katika ukoo wa watukufu, lakini aliungwa mkono na Kambi ya Kusini, ambayo ilikuwa imetupwa nje ya madaraka mwaka 1680 na ilihitaji mlango wa kurudia. Mlango huo ulikuwa mtoto. Sukjong alikuwa amekaribia miaka thelathini bila mwana wa kumrithi, na alipompata, hakusubiri: mapema mwaka 1689, mtoto akiwa bado mchanga wa miezi michache, alimtangaza rasmi kuwa mwana wa kwanza wa mfalme, hatua ya kuelekea urithi wa kiti. Kambi ya Magharibi ililalamika kwamba malkia bado kijana na anaweza kuzaa. Kiongozi wao wa kielimu, Song Si-yeol, mzee wa zaidi ya miaka themanini, aliandika waraka wa kupinga. Mfalme alimpeleka uhamishoni katika kisiwa cha Jeju, kisha wakati akirejeshwa kuhojiwa akapelekewa sumu njiani, huko Jeongeup, akafa. Baraza likapanguliwa lote, Kambi ya Kusini ikajaza nafasi, na baada ya hapo ndipo Inhyeon alipovuliwa umalkia. Zingatia mfuatano huo. Malkia aliondolewa baada ya kambi yake kuondolewa. Hakuwa chanzo cha anguko lao.

Ndiyo sababu nasema Sukjong hakuchezewa. Alipangua serikali kwa namna hii mwaka 1680, mwaka 1689 na mwaka 1694, kila mara ghafla, na kila mara kambi iliyokuwa imeanza kunenepa ndiyo iliyokatwa. Mwaka 1694 Kambi ya Kusini iligundua kwamba wapinzani wao wanapanga njama za kumrudisha malkia wa zamani, wakaanza kuwakamata. Wakidhani wanamtumikia mfalme, wakaamka na kukuta ni wao waliofukuzwa. Kiongozi wao Min Am aliuawa, na kambi hiyo haikupata tena nguvu ya maana katika utawala wake. Kila mpanguo uliiacha serikali ikimtegemea mfalme zaidi kuliko ilivyokuwa kabla. Mtu anayechezewa hapati matokeo hayo mara tatu mfululizo.

Bila shaka unaikumbuka ile sehemu ya Dong Yi ambamo mfalme, akijifanya ofisa wa kawaida wa mji mkuu, anainama ili msichana amkanyage mgongoni apande ukuta. Ji Jin-hee anaigiza vizuri mno, na nakiri kwamba ni vigumu kumchukia mfalme wa aina hiyo. Basi weka kando ya picha hiyo jina la Pak Tae-bo. Malkia alipokuwa anavuliwa taji mwaka 1689, maofisa 86 walitia majina yao kwenye waraka wa kupinga, na Pak ndiye aliyeuandika. Mfalme alimhoji mwenyewe, usiku, huku akiagiza mateso, naye Pak hakuomba radhi. Alikufa kwa majeraha akiwa njiani kuelekea uhamishoni. Huyo ndiye Sukjong mwenye fitina kuu kuliko zote katika kasri lake, na tamthilia imelazimika kumficha, kwa sababu bila ya kumficha hakuna hadithi ya mapenzi.

Nije kwenye kumbukumbu. Ulichosoma ni sahihi. Waandishi maalumu walimfuata mfalme kila alipokutana na watu, wakaandika alichosema na alichofanya, na mfalme hakuruhusiwa kuona. Kuna tukio la mwaka 1404 ambapo Mfalme Taejong alianguka kutoka juu ya farasi akiwinda, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mwandishi asijue. Mwandishi alijua, akaandika kwamba mfalme alianguka na kwamba aliagiza mwandishi asijue. Matini hayo, yanayojulikana kama Kumbukumbu za Kweli, yanachukua miaka 472, na tangu mwaka 1997 yamo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Heshima hiyo yanaistahili.

Hata hivyo, kumzuia mfalme asisome hakumzuii mwanakambi asiandike. Kumbukumbu za mfalme hazikukusanywa akiwa hai. Zilikusanywa baada ya kufa kwake, na ofisi iliyoundwa kwa kazi hiyo, ofisi ambayo ilijazwa na kambi iliyokuwa madarakani wakati huo. Kambi ya Magharibi ilikuwa imekwisha kupasuka vipande viwili, Wazee na Vijana. Kumbukumbu za Sukjong ziliandaliwa kwa sehemu kubwa na Wazee, waliokuwa watetezi wa Inhyeon na wa mwana wa Choe Suk-bin. Kisha mwaka 1727 Vijana wakashika madaraka, wakaikuta kazi hiyo karibu imekamilika, wakaona imejaa uonevu. Badala ya kuifuta, waliongeza mwishoni mwa kila sehemu nyongeza ya masahihisho yao. Kwa hiyo leo, ndani ya kitabu kimoja, unapata kambi mbili zikisutana juu ya mambo yaleyale. Kwa mwanafunzi wa historia hiyo ni zawadi, lakini si hakimu wa kumaliza ubishi wa nyumbani.

Nikuonyeshe namna ya kuisoma kwa mfano mmoja. Katika kumbukumbu za mwishoni mwa mwaka 1686 kuna simulizi ya jinsi Jang alivyoingia kasrini. Tunaambiwa alikuwa mzuri wa sura, jambo ambalo kumbukumbu hizo ni nadra kulisema juu ya mwanamke. Tunaambiwa kwamba Inhyeon ndiye aliyewahi kupendekeza arudishwe kutoka uraiani, kwa kuwa si vizuri mwanamke aliyependwa na mfalme aishi nje. Kisha tunaambiwa kwamba siku moja mfalme alitaka kufanya naye mzaha, Jang akakimbia hadi mbele ya malkia akisema aokolewe, na mwandishi anatuhakikishia kwamba alifanya hivyo ili kuupima uso wa malkia. Baadaye akawa na kiburi, hata akiitwa haitiki, na malkia akaamuru achapwe kwenye vigimbi. Jang akazidi kujaa kinyongo. Malkia alipoona mambo yanazidi, akashauri mfalme achukue suria mwingine, na akachukuliwa binti wa ukoo mkubwa wa Kambi ya Magharibi.

Nia ya mwandishi ni dhahiri: kuonyesha subira ya malkia na jeuri ya mjakazi. Lakini tenganisha matendo na maelezo ya nia zilizomo mioyoni, ambazo mwandishi hakuwa na njia ya kuzijua. Yanayobaki ni malkia aliyemchapa mpinzani wake, kisha akaleta mwanamke wa kambi yake mwenyewe ili kumpunguzia nguvu. Huyo si yule Inhyeon anayeteseka kimya kwa machozi ambaye umemwona kwenye runinga, na habari hizi zinatoka kwa watu waliompenda. Ushahidi wa aina hii, unaopenya kinyume na matakwa ya mwandishi, ndio unaopaswa kuupa uzito mkubwa zaidi.

Sasa uchawi. Kumbukumbu za mwaka 1701 zinaeleza kwamba katika miaka miwili ya ugonjwa wa malkia, Jang hakwenda kumjulia hali hata mara moja, na kwamba magharibi ya makazi yake, Chwiseondang, alikuwa amejenga kwa siri kibanda cha matambiko alimofanya maombi pamoja na wajakazi wawili watatu. Zinasema pia kwamba aliyemnong'oneza mfalme ni Choe Suk-bin, kwa uchungu wa kumkumbuka malkia aliyemtendea wema. Kwamba kibanda kilikuwako, naamini. Kwamba kilijengwa ili kumuua malkia, ushahidi wake ni maungamo ya wajakazi na mganga waliohojiwa kwa mateso, na upande wa Jang ulikuwa na maelezo mengine: mrithi wa kiti alikuwa ameugua ndui, na kumwita mganga kwa ajili ya ndui lilikuwa jambo la kawaida sana katika Joseon, hata kama wasomi walilikemea. Inawezekana yote mawili yalifanyika humo. Mimi naona kwamba Jang alitamani malkia afe, kama ambavyo wengi katika kambi ya malkia walitamani Jang afe, na kwamba kuvuka kutoka tamaa hiyo hadi kosa la kuhukumiwa kifo kulihitaji mfalme aliyekwisha kuamua.

Dalili za uamuzi huo zinaonekana. Waziri mkuu Choe Seok-jeong, ambaye kwa bahati alikuwa pia mwanahisabati hodari, alisihi mara kwa mara mama wa mrithi asamehewe kwa ajili ya mwanawe, akaishia kuadhibiwa. Mfalme hakutetereka, na mwaka huohuo akapiga marufuku suria yeyote kupandishwa kuwa malkia. Amri iliyoandikwa ni kwamba Jang ajiue. Ile picha ya bakuli la sumu analoshindiliwa kinywani, akipiga mateke, na hadithi kwamba kabla ya kufa alimjeruhi mwanawe ili asizae, zinatoka katika masimulizi ya baadaye yasiyo rasmi. Usiziweke katika utafiti wako isipokuwa kama mfano wa jinsi hadithi ilivyokua.

Kwa hiyo wewe na mdogo wako mmetazama matoleo mawili ya hukumu, na yote mawili yamekubali dhana moja: kwamba kiini cha mambo kilikuwa moyo wa mwanamke. Dong Yi imeufanya moyo huo kuwa na tamaa ya madaraka. Ile ya 2013 imeujaza mapenzi. Tamthilia za maisha ya Jang zimetengenezwa tangu miaka ya 1970, kila kizazi na Jang wake, na hilo lenyewe lingefaa kuchunguzwa.

Hapo tunafika kwenye mada yako, nami nitasema wazi. Ukitaka kuandika historia ya siasa za Sukjong kwa kutumia vyanzo vya asili, nakushauri usijaribu katika ngazi hii. Kumbukumbu zote zinapatikana bure kwenye intaneti, zikitunzwa na Taasisi ya Taifa ya Historia ya Korea, lakini zimo katika Kichina cha kale na tafsiri ya Kikorea cha leo. Tafsiri ya Kiingereza haijazifikia enzi zote. Programu za kutafsiri zitakupa mwanga wa jumla, ila hugeuza vyeo vya watu kuwa majina ya majengo, na tarehe ni za kalenda ya mwezi, kwa hiyo mwezi wa kumi wa mwaka 1701 unaangukia Novemba yetu. Makosa ya namna hiyo hayaonekani mpaka mtu anayejua ayaone, na anaweza kuyaona siku ya utetezi.

Ukitaka kuandika juu ya tamthilia peke yake, inawezekana, lakini katika idara ya historia utaulizwa historia iko wapi. Njia ninayoipendelea ni kuchukua tukio moja tu, kifo cha mwaka 1701, na kulinganisha jinsi linavyosimuliwa katika Kumbukumbu, upande wa Wazee na upande wa masahihisho ya Vijana, na katika tamthilia mbili mlizotazama ninyi. Kurasa za kutafsiri zitakuwa chache, na mtu mmoja mwenye ujuzi anaweza kuzikagua kwa siku chache. Hasara yake ni kwamba hutaweza kusema mengi juu ya enzi nzima, na itakubidi ujizuie kila unapotamani.

Jambo moja la lazima: usinukuu mazungumzo kutoka toleo lenye msimulizi wa Kiswahili kana kwamba ni maneno ya tamthilia. Wasimulizi wetu ni wasanii, huongeza utani, hufupisha, na wakati mwingine humpa mhusika methali ambayo hakuisema. Rudia vipindi unavyovihitaji katika toleo lenye maandishi ya chini, na uandike namba ya kipindi na dakika. Kama unataka kuchunguza usimulizi wenyewe, hiyo ni mada nyingine, na pengine ni nzuri kuliko hii, kwa sababu hapo wewe ndiye unayeijua lugha.

Usiisajili mada kabla hujaonana ana kwa ana na msimamizi wako. Nenda na ukurasa mmoja unaoeleza tukio, vyanzo vinne utakavyotumia, na nani atakayekagua tafsiri zako. Mkaguzi huyo lazima awe mtu anayesoma Kichina cha kale cha Korea, si mwenye Kikorea cha mazungumzo tu. Ulizia katika idara ya lugha ya chuo chako, na wakikosa, ulizia kwa wahadhiri waliosomea Korea, au ubalozini kama wanaweza kukuunganisha na mtu. Usipompata kabla ya muda wa kusajili kwisha, chukua ile mada ya wasimulizi.